Gauni la Njia ya Lambwe

Homa Bay,
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama Mulki, rafiki wa baraza moja,

Nakuandikia nikiwa kitandani, mlango wazi, maana mabati ya nyumba hii yameshika jua tangu asubuhi na ndani hakukaliki. Bwana amenitunza. Naomba na wewe uwe umetunzwa, na ule mguu uwe umeacha kukusumbua.

Utauliza barua ya nini na simu ninayo. Kwa simu mimi husema niko salama kabla hujamaliza kuuliza, halafu wewe unasema mteja ameingia, tunakata. Tena jambo langu leo ni la kitambaa, na kitambaa hakishikwi kwa simu.

Miaka yote nilipokuwa nikishona barazani kwako, mtu alinunua ndani kwako, akanipitishia mimi pale mbele, nikapima, nikakata, akaenda. Sikuwahi kujiuliza anaenda kuvaa wapi. Sasa nimejua. Njia ya Lambwe niliyopewa na kanisa ni ndefu, jua linapiga kichwani na barabara inalirudisha kutoka chini. Nyuma ya baiskeli kuna katoni ya vitabu vya kanisa ninavyouza. Mimi juu nimevaa gauni langu la krimplini, lile la kijivu la kanisani. Joto linaingia ndani ya gauni na kukaa humo kama chai kwenye thamosi. Jioni nikilivua, mgongo wote una vipele.

Wiki iliyopita nilipata kizunguzungu, nikashuka na kukaa kando ya ua wa watu. Habari zikamfikia Mzee Mogire, anayetusimamia sisi wa vitabu. Akaniita. Akasema, "Mama Onchiri, ukizidiwa tena njiani, baiskeli tutampa mwingine. Wewe utakaa stoo, upange vitabu." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Stoo ile haina dirisha wala mtu. Tangu Baba Onchiri alale mauti, nyumba yangu ni kimya asubuhi na kimya jioni. Njiani angalau watu huniita: mama wa vitabu, shuka unywe maji. Nikikosa baiskeli nitakuwa nimekosa hata hayo.

Wanawake wa kanisa hawataki kuona suruali. Nahitaji kitu kirefu, cha heshima, kisichonipika. Nitumie kipande, na uniambie ukweli kama unavyomwambia mteja unayempenda.

Ninakula vizuri. Hilo usiwaze.

Wako katika Bwana,
Bitutu


Migori,
Jumanne, 21 Januari 2025

Mama Onchiri,

Barua yako niliichukua ofisi ya vifurushi, nikaisoma nimesimama pale pale mpaka karani akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kuna krimplini.

Kwanza nikucheke. Fundi mzima, mikono yako imepitisha nguo za nusu ya Migori, leo unauliza muuza vitambaa. Lakini ni kweli, fundi huangalia mshono. Mimi kazi yangu ni kushika.

Basi sikiliza. Krimplini, polista, nailoni, hizo zote ni ndugu, baba yao ni plastiki. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, hiyo usiipandie baiskeli. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu, hiyo ni pamba. Halafu weka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, upulize. Pumzi ikifika kiganjani, upepo wa Lambwe nao utapita. Usidanganyike na wepesi peke yake. Shifoni ni nyepesi kama moshi na bado inakupika.

Lakini pamba nayo ina tabia. Inakunywa jasho vizuri kisha haitaki kuliachia. Ikikaa imelowa juu ya kile kiti cha baiskeli, itakuchubua. Kwa hiyo chini vaa suruali pana ya pamba nyepesi, ifungwe kwenye kifundo cha mguu, na mshono usipite mahali pa kukalia. Kwetu Isiolo mama zetu wote huvaa hivyo chini ya dira, lile gauni pana, na hakuna aliyewahi kuona kitu. Wanawake wa kanisa wakitaka kuona, wainame.

Mikono iwe mirefu. Najua utasema joto, lakini jua likikosa ngozi linakuchosha kidogo. Mimi nimejifunika maisha yangu yote, niulize mimi.

Dukani kilicho chepesi kuliko vyote ni bafta. Hicho sikutumii. Kwetu bafta ndiyo sanda, na mkono wangu umekataa kumkatia mtu ninayetaka aishi.

Nimekutumia poplini nyembamba, pamba tupu, nimeipuliza mwenyewe. Ni ya bluu, kwa sababu bluu ndiyo rangi yako.

Huku mambo ni mengi. Nafasi yako pale barazani nimempa Edith, msichana wa kutoka Rongo. Anaongea kutwa, hata nafasi ya kuwaza sina. Mulki anapiga simu kutoka Garissa kila siku. Kwa hivyo usinionee huruma.

Ruqia


Homa Bay,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mama Mulki,

Poplini ilifika. Niliipuliza kama ulivyosema, na pumzi ikapita. Kwa kuwa cherehani yangu nilikuachia, nilishona sketi na blauzi kwa mkono, jioni kwa jioni, na kusema kweli zilikuwa jioni nzuri, mikono ikiwa na kazi. Ile suruali ya chini pia nimeshona. Hakuna aliyeinama mpaka leo.

Siku ya kwanza nilipanda baiskeli nikajiona mtoto. Upepo uliingia huku ukatokea kule. Niliimba tenzi zote ninazozijua mpaka nilipofika upande ule wa Ruma, kwenye mbuga. Hapo nikasikia kitu kimenichoma begani. Kingine mgongoni. Nikiongeza mwendo, vinakuja. Mbung'o, Mama Mulki. Walinifuata kama harusi.

Nilifika kwa Nyarangi nikijipiga makofi. Huyu Nyarangi ni mama wa Kikuria aliyeolewa huko bondeni, ndiye mteja wangu wa mwisho kabla ya kugeuza. Aliniona kutoka mbali akakaa chini kwa kicheko. "Mama wa vitabu," akaniambia, "nani amekuvisha mtego?" Nikamuuliza mtego gani. Akanionyesha mti nyuma ya zizi. Pametundikwa kitambaa cha bluu, bluu ile ile yangu, na pembeni cheusi. Kumbe watu wa mifugo huwatundikia mbung'o kitambaa cha bluu chenye dawa ya kuwaua, kwa sababu mbung'o huipenda bluu kuliko rangi zote. Nimekuja nimevaa kile ambacho wao wanakitundika mtini. Mume wake alitoka nje, akaniangalia, akarudi ndani. Nilimsikia akikohoa, lakini hakuwa anakohoa.

Nyarangi alinipaka mafuta kwenye uvimbe, akataka nikae nile nyoyo, yale mahindi yao ya kuchemsha na maharage. Nikamwambia nafunga, kwa sababu ya maombi. Siku hizi nafunga mara nyingi.

Kwa hiyo kitambaa ni kizuri, rangi ndiyo adui. Bluu hapana, nyeusi hapana. Tafadhali nitafutie kingine, na safari hii mwambie huyo Edith anishonee gauni zima kwa cherehani yangu, macho yangu yamechoka na taa ya hapa. Vipimo vyangu si niliviandika kwa chaki ukutani nyuma ya cherehani? Atumie hivyo. Havijabadilika.

Na umwambie asifungue dirisha la upande ule wa barabara, vumbi linaingia kwenye mashine.

Bitutu


Migori,
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama Onchiri,

Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli kidogo. Mimi ndiye niliyekuvisha mtego, na nilichagua ile rangi kwa mapenzi.

Hili hapa gauni. Ni kitani kilichochanganywa na pamba, rangi ya mchanga. Mbung'o akilipenda hili basi ana ugomvi na wewe binafsi. Kitani kinakauka haraka kuliko pamba peke yake, na hakigandi mgongoni. Litakunjika mpaka uonekane umelala nalo. Usilipige pasi kila siku, wala usijali kunyooka. Mama wa heshima mwenye mikunjo ni bora kuliko mama wa heshima aliyezimia.

Chini ni pana ili goti lipande bila kuvuta. Edith amefuata chaki ya ukutani, hakuongeza wala hakupunguza.

Dirisha limefungwa.

Ruqia


Homa Bay,
Jumapili, 23 Februari 2025

Mama Mulki mpenzi,

Gauni ni zuri sana. Kitambaa hiki sijawahi kuvaa mfano wake. Asubuhi kina ubaridi, saa sita kina upepo, na mbung'o walinipita kama hawanijui.

Nakurudishia kwa jambo dogo tu. Limenizidi kidogo, labda kitani kimetanuka. Nimeweka pini pale pa kupunguza, Edith afuate pini. Na umwambie, kwa wema, mshono wake wa kwapa unapinda kushoto, kote kuwili. Anaonekana ni mtu anayeshona akiangalia mlango. Mfundishe aangalie sindano.

Utaona chini pamechanika na pana grisi. Upindo uliingia kwenye cheni nikiteremka kilima, nikaenda chini na vitabu vyangu. Si kitu. Watu wa pale waliokota vitabu vyote, hata kimoja hakikupotea, na mmoja akasoma kidogo kabla ya kurudisha. Mwandiko wangu leo ni mbaya kwa sababu naandikia magotini.

Mzee Mogire amechukua baiskeli. Iko nyumbani kwake, imeegemea ukuta. Amesema tutaongea mwisho wa mwezi wa tatu, kabla ya hapo nipumzike. Kwa hiyo sasa napumzika. Nimefagia nyumba hii mpaka imechoka na mimi. Naamini nikiwa na gauni linalonikaa sawa nitamwendea nimwonyeshe kwamba kosa lilikuwa la nguo.

Usinipigie simu wiki hii, chaji ni shida.

Bitutu


Migori,
Jumanne, 4 Machi 2025

Bitutu,

Leo nakuita kwa jina lako, kwa sababu nimekasirika.

Nililaza gauni kwenye meza ya kukatia. Nikaweka mkono wangu kati ya pini zako na mshono wa kiunoni. Mkono wote uliingia, na mwenzake ukaingia. Pale kifuani hivyo hivyo. Nilikaa chini. Hicho ni kitani, Bitutu, si mpira. Mimi nimeuza kitani tangu nikiwa msichana dukani kwa marehemu baba, na sijawahi kukiona kikitanuka kuliko mtu aliyekivaa.

Tena najiuliza, fundi kama wewe, unayeshona sketi nzima kwa mkono, kwa nini ulete kwangu kazi ya kupunguza? Na mwandiko umepinda. Basi mkono umeumia, na hukusema.

Uliniambia unafunga. Mimi ndiye ninayefunga, mwezi umeandama Jumamosi, na kila Ramadhani mimi hunenepa. Kufunga kuna kufungua. Wewe unafungua na nini?

Sasa na mimi niseme langu, nisije nikakukemea nikiwa nimesimama kwenye uongo. Hakuna Edith. Alikuwapo kweli. Alikuja kabla ya Krismasi, akaona watu wanapita na mifuko ya nguo zilizoshonwa tayari, hakuna anayesimama, akarudi kwao Rongo. Cherehani yako niliifunika leso. Mulki hupiga simu Ijumaa, akikumbuka. Kutwa nzima nasikia redio ya duka la pili. Nilikuandikia kwamba baraza limejaa kwa sababu sikutaka ujutie kuondoka kwako. Ulikuwa na haki ya kwenda, Mungu wako alikuita.

Gauni nilishona mimi. Usicheke. Nilifunua cherehani, nikaisoma ile chaki yako, nikafungua mshono na kushona tena mpaka kitambaa kikaanza kunionea huruma. Kwapa linapinda kushoto kwa sababu mimi napinda kushoto. Na ni kweli nilikuwa naangalia mlango.

Kwa hiyo nimelipunguza kama pini zinavyosema, lakini makasi sikugusa. Nimekunja ndani, mkunjo juu ya mkunjo, nikashika kila mmoja kwa uzi mwekundu ili uuone bila kutafuta. Gauni likianza kukubana, kata uzi mmoja, uachie mkunjo mmoja. Chini nimeweka lastiki, cheni haitakula tena.

Usiniandikie tena kwamba uko salama. Niandikie kwamba umekata uzi.

Nakuombea kila sala, na siku hizi sala ni nyingi.

Ruqia


Homa Bay,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Dada yangu Ruqia,

Nimekaa na barua yako tangu juzi. Mkono unapona, ni kifundo tu kiliteguka, sikuvunjika. Hilo ni la kwanza, na ni la kweli.

La pili. Nilimsema Edith wa watu vibaya, na mtu mwenyewe yuko Rongo amekaa na amani yake. Bwana anisamehe. Nawe unisamehe kuhusu kwapa. Nimelitazama tena. Linapinda, ndiyo, lakini limeshika.

Sasa la chakula. Mara ya kwanza nilifunga kweli, nikimwombea mwanangu Onchiri apate kazi huko Nairobi. Ilipoisha ile siku, niliweka sufuria jikoni nikaona sijui kupika ugali wa mtu mmoja. Nilipika kidogo ukawa kama wa mtoto. Nilipika wa kawaida, nikautazama ukipoa. Basi nikalala. Kesho yake Nyarangi aliponikaribisha nikasema nafunga, kwa sababu ningekaa kwenye ile meza yao, na watoto wale, na mume wake anayejikohoza, ningelia mbele za watu. Hata Sabato mchana, watu wakitoa vyakula vyao kanisani ili tule pamoja, mimi huwa nimeshaondoka. Neno la kufunga lilinifaa sana. Kila mtu aliniheshimu kwa hilo, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Ni wewe tu uliyeniuliza, tena uliuliza gauni.

Jana nilivaa gauni nikaenda kwa Mzee Mogire. Niliongozana na maneno yangu yote kuhusu kitambaa na cheni. Nilipofika mlangoni yakaniishia. Nikamwambia, "Mzee, sikuanguka kwa sababu ya nguo. Nilikuwa sijala tangu juzi yake." Mke wake alikuwa anachambua mboga. Aliacha. Nikaona stoo ile mbele yangu, na giza lake.

Kisha Mzee akasema, "Mama Onchiri, mimi nilidhani wewe ni mtu wa maombi kutuzidi sisi. Kumbe tumekuacha na njaa tukikusifu." Akaniambia baiskeli haipewi mtu mwingine, lakini hataniruhusu kuipanda nikiwa hivi. Akaniuliza nina nani. Nikasema Onchiri yuko mbali, na ndugu zangu Kisii wana mizigo yao. Akasema, "Hilo gauni ulilovaa nani amelishona? Limeshonwa na mtu anayekupenda, maana fundi wa kulipwa angelikata." Mke wake akasema basi aende kwa huyo.

Nilirudi hapa nikakaa. Nilikuwa naona aibu kurudi Migori bila kitu mkononi, baada ya kuondoka kwa wito, wale wa barabarani kwako wakiuliza mbona mama wa vitabu amerudi mkondefu. Halafu nikakuwaza magharibi, umeketi na tende zako, redio ya watu inaongea upande wa pili. Nikaona mimi hapa nimenyimwa hamu ya kula, na wewe pale unakula bila mtu wa kumwambia ongeza.

Nitakuja Jumapili kwa gari, baiskeli nitaiacha kwa Mogire mpaka mwisho wa mwezi. Mchana wewe huli, na Sabato mimi sipiki, kwa hiyo jiko lako litapata likizo. Lakini jua likizama nitakaa nawe. Nijuavyo mwenyewe, siku za kwanza nitakula kidogo sana na nitasema nimeshiba. Usinisadiki.

Uzi sijakata hata mmoja. Sitakuandikia uongo tena.

Weka sahani mbili. Magari ya Jumapili huchelewa, na wewe una saa yako ya kufungua, usiipitishe kwa ajili yangu. Kula. Ila sahani yangu usiitoe mezani.

Bitutu